Dakika Kumi, Viatu Miguuni

Busisi, gesti, chumba namba 4
12 Januari 2026

Kija,

Hujambo. Nimefika salama.

Barua hii nimeiweka ndani ya bahasha ya fomu kwa sababu shirika linalonilipa halikubali picha za simu. Wanataka karatasi yenyewe, sahihi ya kalamu ya bluu. Bahasha lazima isafiri kila baada ya siku chache, na kondakta Ngosha haongezi bei kwa karatasi moja zaidi. Halafu nikikupigia simu unanong'ona kama mtu aliyejificha kabatini, mimi nabaki nauliza "Unasemaje? Unasemaje?" na muda huo hakuna anayenilipa. Kwenye madaftari yako ya shule niliona kwamba kwa kalamu unaongea vizuri tu. Basi andika.

Nakurudia utaratibu kwa sababu nakujua, unaitikia kwa kichwa hata usipoelewa. Mimi ni mshauri wa kujitegemea, sina mshahara. Nalipwa kwa saa, na saa isiyoandikwa ni saa niliyompa mtu bure. Ukutani hapo nyumbani kwangu kuna safu tatu za kadi: Ya Kufanya, Inafanyika, Imekwisha. Huhamishi kadi mpaka nikuandikie. Kadi ya njano ni kazi ya kulipwa. Kadi nyeupe ni mambo yasiyolipwa: kula, foleni, salamu, ndugu. Kila jioni jumlisha za njano kwenye fomu ya saa. Ukikosea usifute. Kata kwa mstari mmoja, andika iliyo sahihi juu yake, aliyerekebisha asaini pembeni. Shirika linakubali hivyo.

Kazi yenyewe unaijua. Hawa ni mama lishe kumi na mmoja waliokuwa wakipikia watu wanaosubiri pantoni. Daraja limefunguliwa, hakuna anayesubiri tena, wamebaki na masufuria. Mimi nawashauri waanze biashara gani, wao wananisainia kwamba nilifanya nao kazi saa zile ninazodai. Sahihi zote zikifika kwa dada Nisha, ofisi ya shirika mjini, kabla ya mchana wa Ijumaa tarehe 30, ile kazi ya Bukoba ni yangu, na huko nimekuahidi jina lako litaandikwa: Msaidizi wa Mshauri. Msichana anayesubiri matokeo ya mtihani, tena anayeogopa hata kuagiza soda, hapati cheo hicho kwingine. Anapata jiko la watu.

Leo asubuhi yote imeliwa na salamu. Habari za nyumbani, habari za watoto, habari za ng'ombe. Nina ng'ombe mimi? Weka kadi nyeupe.

Shangazi yako,
Sabina Ndalahwa
Mshauri


Kiseke
14 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Bahasha nimeipokea. Kadi ni saba za njano na nne nyeupe, nimezipanga kama ulivyosema.

Ule mstari wa Msaidizi wa Mshauri nimeusoma mara nyingi. Nimeuandika pia nyuma ya daftari ili nione unavyokaa. Unakaa vizuri.

Nimeanza kufuata utaratibu wako hata mimi. Kufagia nimeweka nyeupe, kuzijumlisha saa zako nimeweka njano. Jana Mama Farzana wa jirani alisimama kwenye uzio na sahani yake ya sambusa, akaanza kuniuliza habari za baba, habari za Magu, kama mvua imenyesha kwetu. Nikajiambia, huyu ni kadi nyeupe. Nikamwambia nina kazi nikaingia ndani, akiwa bado anaongea. Sijawahi kumwacha mtu mzima na maneno mdomoni, lakini nilijiona nimekua.

Jambo moja sijalielewa. Kwenye saa za Jumatatu alfajiri umeandika "Kutafakari mpango kazi" kwa njano, na muda huohuo umeandika "Kuoga" kwa nyeupe. Niandike ipi?

Kija


Busisi
17 Januari 2026

Kija,

Andika zote mbili. Nikienda bafuni kichwa changu hakibaki chumbani.

Kwa Mama Farzana umefanya vizuri. Mtu anayeanza na mvua anataka kukopa au kuazima. Hao ndio wanaotushikilia chini.

Hapa sasa. Mwenyekiti wao anaitwa Rose, mwanamke mrefu anayeongea polepole kama anakupimia kitambaa. Nimewaonyesha mpango wa kufuga kuku wa mayai, picha kwenye kompyuta, mabanda, kila kitu kwa rangi. Rose akauliza, "Wewe umewahi kufuga?" Nikamwambia nimewahi kushauri wafugaji wa mikoa mitatu. Wakatazamana. Mwingine, Bernadeta, mfupi mwenye mdomo, akasema, "Basi kuku wa mikoa mitatu wana bahati." Wakacheka kwa muda ambao ningeweza kuandika ukurasa. Nimeuweka njano, "Majadiliano ya kikundi."

Halafu wakaleta ugali na sato, kaa ule, kaa ule. Nikasema nimeshiba. Kula nao ni saa nzima, na saa hiyo nani ataisaini? Wanajua kupika na kucheka, basi. Daraja limewapita juu ya vichwa na bado wanasema "tutaona."

Sabina Ndalahwa


Kiseke
19 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Fomu ya wiki ya kwanza nimeimaliza, naituma na Ngosha. Nimeandika kuoga na kutafakari zote mbili kama ulivyosema, ila mkono ulikuwa mzito.

Mama Farzana hapiti tena kwenye uzio. Jana alikuwa anaanika nguo upande wake, mimi upande wangu, akatazama kamba yake tu. Nilidhani nitafurahi kwa kuwa nimeokoa muda. Kweli muda ulikuwepo mwingi. Nilikaa nao mpaka jioni, sikujua niuweke kwenye kadi gani.

Huko wanakupikia sato na wao hawana wateja tena? Nauliza tu.

Kija


Busisi
22 Januari 2026

Kija,

Acha maswali ya kitoto, kuna tatizo la kweli.

Mama yake Rose amefariki juzi. Pole yake. Mimi nilikuwa natafuta wanawake hawa mmoja mmoja kama kuku waliotoka bandani, huyu mtoni, huyu gulioni, na jana wote kumi na mmoja walikuwa kwenye mkeka mmoja. Mtu mwenye akili ya kazi anaona nini hapo? Anaona kikao. Nikapita msibani. Nikasema poleni. Na kwa kuwa tulikuwa tumekutana wote, nikagawa fomu na kalamu za bluu, kila mmoja yake. Sikukaa. Viatu vyangu vina kamba ndefu, kuvivua na kuvivaa ni kazi, na mkeka ulikuwa na vumbi. Dakika kumi nikawa nimemaliza.

Rose alizikusanya zote kwa mikono miwili, akasema, "Asante mwanangu. Acha hapo." Nikaona ameelewa.

Jioni nimetuma mtu akazichukue. Karudi mikono mitupu. Wamezitumia kuwashia moto wa uji. Fomu za shirika, Kija, zenye nembo! Sasa nikipita njiani wananiitikia salamu, tena vizuri kabisa, halafu kila mlango una mtu anayesema Rose hayupo. Watu wa namna hii unawashauri nini?

Sikiliza. Kesho njoo na gari la kwanza. Mimi narudi Kiseke kuandika ripoti, wewe utakaa msibani kwa niaba yangu mpaka waanue tanga. Hujui kuongea, na pale hawataki maneno, kwa mara ya kwanza tabia yako itakuwa na faida. Kila saa utakayokaa iandike kwa njano: "Ujenzi wa mahusiano na walengwa." Ukilala palepale, usingizi pia uandike. Wakishalainika nitakutumia fomu mpya.

Kumbuka Bukoba.

Sabina Ndalahwa


Busisi, nyumbani kwa Rose
25 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Umesema niandike kila kitu, kwa hiyo naandika.

Nilifika nikasimama nje ya uzio muda mrefu. Nilibonyeza saa ya simu ianze kuhesabu, halafu nikashindwa kuingia. Mama mmoja akatoka kumwaga maji akaniona. "We binti, umepotea au umefika?" Nikasema nimefika. Nikavua viatu. Ndani sikujua nisemeje, nikasema poleni, nadhani hakuna aliyenisikia. Nikaenda kukaa upande wa masufuria. Mtu akanisogezea kisu na beseni la ndizi.

Bernadeta ndiye aliyegundua mimi ni nani. Akauliza kwa sauti, "Huyu si wa yule wa kompyuta? Ameletwa kuhesabu nini tena?" Mwingine akajibu, "Muache, anahesabu ndizi." Nilitamani kuingia ndani ya beseni. Lakini Rose aligeuka kutoka alipokuwa amelala, akanitazama, akaniuliza swali moja tu: "Umekula?" Nikasema hapana. Wakanipa.

Usiku tulilala kumi kwenye chumba kimoja. Nimeosha vyombo, nimechota maji ziwani, nimemshika mtoto wa mtu ambaye mpaka leo sijui ni wa nani. Sijaongea sana na hakuna aliyeniuliza kwa nini siongei.

Kuna jambo sitaki kuliandika, lakini ni sehemu ya kila kitu. Jana jioni Bernadeta alisimama katikati, akaning'iniza kikapu begani kama mkoba wako, akainua kanga kidogo asiguse vumbi, akasema, "Poleni sana, poleni. Marehemu alikuwa mtu mzuri. Saini hapa." Watu walicheka mpaka wakashikana. Rose alicheka huku anafuta machozi, akasema, "Mama angekuwa hai angemkalisha huyo kwa nguvu." Shangazi, na mimi nilicheka.

Simu ilizimika siku ileile ya kwanza. Sijui saa ilihesabu mpaka wapi. Sijui niandike ngapi.

Kija


Kiseke
26 Januari 2026

Kija,

Ulicheka. Mimi nakulisha, nakufundisha kazi ya watu wenye viti, na wewe unakaa na wauza ugali kumcheka shangazi yako aliyekutoa Magu. Usidhani ukimya wako ni adabu. Ni uvivu wa ulimi, na sasa naona una uvivu wa akili pia.

Saa nimekuandikia mwenyewe, maana wewe hata simu imekushinda. Fomu mpya ziko ndani ya bahasha hii, nimezijaza zote. "Vikao vya ushauri," saa arobaini. "Ujenzi wa mahusiano na walengwa," saa sitini, usiku na mchana. Wao kazi yao ni moja, kusaini chini. Huku juu hakuwahusu, kunja karatasi wasihangaike kusoma.

Zikikosekana sahihi hizo hakuna Bukoba, hakuna msaidizi, na wewe unarudi kwa baba yako kusubiri matokeo kwenye shamba la pamba. Chagua.

Na viatu vyangu vyeusi vya kamba nimevisahau gesti chini ya kitanda. Vilete.

Sabina Ndalahwa


Kiseke
28 Januari 2026

Kija,

Ngosha amerudi bila kitu kutoka kwako. Wamesaini? Nijibu, hata neno moja.

S. N.


Busisi
28 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Wamesaini wote, kwa kalamu ya bluu.

Kija


Kiseke
29 Januari 2026

Kija,

Umeona? Nilijua. Watu hawa ukiwapelekea mtu mkubwa wanaogopa, ukiwapelekea wa kiwango chao wanafunguka. Hata wewe una mahali pako pa kutumika.

Kesho usipite Kiseke kwanza. Hakuna haja ya kunionyesha, ni kupoteza muda, na nimeshazijaza mwenyewe. Shuka mjini, nenda moja kwa moja kwa Nisha kabla ya mchana, mkabidhi mkononi, agonge muhuri wa kupokelewa. Ndipo uje nyumbani uhamishe kadi. Mimi nitakuwa saluni mpaka jioni. Iwekee kadi ya njano, "Maandalizi ya kazi ya Bukoba." Ufunguo uko palepale.

Jina lako nitaliandika. Ahadi yangu ni ahadi.

Sabina Ndalahwa


Kiseke, mezani kwako
Ijumaa, 30 Januari 2026

Shangazi,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyoagiza. Sikupita nyumbani, nilikwenda moja kwa moja. Sasa nakueleza yaliyomo kwa sababu nakala utaikuta ofisini.

Jumanne baada ya kazi tulikaa nyuma ya nyumba ya Rose, wote kumi na mmoja na mimi. Nikatoa fomu. Nilikuwa nimezikunja kama ulivyosema. Rose akazipokea, akazikunjua, akanirudishia. "Macho yangu yamechoka kulia. Tusomee."

Nilimwambia sijui kusoma mbele za watu. Ni kweli, shuleni nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni zamu yangu ikikaribia. Rose akasema, "Sisi si watu, tumelala chumba kimoja." Nikasimama. Mstari wa kwanza nadhani hata mimi sikuusikia. Bernadeta akasema, "Sauti, mwanangu, kuku hawajasikia." Nikaanza upya.

Nikasoma vikao vya ushauri, saa arobaini. Wakaanza kuulizana vikao vipi, mmoja akakumbuka viwili, mwingine akasema vitatu ukihesabu ile siku ulipokuja kuuliza chaji. Walikuwa wanacheka bado. Nikasoma ujenzi wa mahusiano na walengwa, saa sitini, usiku na mchana. Wakauliza hizo ni za nani. Nikasema, "Ni zangu. Ni za msibani."

Hapo hawakucheka. Rose akauliza taratibu, "Kwa hiyo kulala kwako pale, na vile vyombo ulivyoosha, shangazi yako anamlipisha mtu?"

Nikasema ndiyo.

"Mama yangu kafa, na yeye kaona saa."

Nilitaka kusema kitu cha kukutetea. Nilitafuta kwa kweli, Shangazi. Nilichopata ni kwamba una kazi nyingi, nikaona ni aibu kukisema.

Nikawaambia wasiposaini nitarudi Magu. Nilisema kwa sababu ni kweli, sikutaka wasaini bila kujua wala wakatae bila kujua. Bernadeta akasema, "Basi hatukatai. Tusaini tu, kwani imeandikwa lazima tusaini uongo?" Rose akaniuliza ukikosea kwenye karatasi hizi unafanyaje. Nikamweleza ulivyonifundisha: hufuti, unakata kwa mstari mmoja, unaandika iliyo sahihi juu, unasaini pembeni, shirika linakubali. Akasema, "Kalamu iko wapi?"

Wameandika wao, mimi nilishika karatasi tu zisipeperuke. Kwenye vikao wamekata arobaini, wakaandika: "Alikuja mara tatu. Tulimkaribisha chakula, alisema ameshiba." Kwenye mstari wa mahusiano wamekata sitini, wakaandika: "Alikaa nasi dakika kumi, amesimama, viatu miguuni." Wamesaini wote kumi na mmoja pembeni na chini, kwenye kila fomu. Kalamu ya bluu.

Nikauliza na saa zangu mimi ziandikwe wapi. Rose akasema, "Zako hatuandiki. Wewe ulikuwa mgeni wetu." Sijawahi kukatwa jina kwenye karatasi nikafurahi hivyo.

Usiku ule nilikesha nikifikiria Bukoba. Bado naitaka kazi ile, sikudanganyi. Nataka kukaa mezani na kupanga mambo ya watu yakapangika, najua naweza. Lakini nimesoma barua zako zote tena, kuanzia ya kwanza, na nimetafuta mtu mmoja ambaye umemwandika vizuri. Hayupo. Hata mimi ninayekupangia kadi ni mtu aliyejificha kabatini. Nilikuwa nakuogopa kwa sababu nilidhani unajua sana. Sasa naona hujui hata mahali pa kuvua viatu.

Dada Nisha alisoma mstari ule wa viatu mara mbili. Halafu akatazama miguu yangu, sijui kwa nini. Nilikuwa na kandambili. Akauliza, "Haya ni marekebisho ya walengwa wenyewe?" Nikamjibu ndiyo kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia. Akasema basi fomu ni halali, akagonga muhuri. Akaniuliza jina langu aliandike kama aliyeleta. Nikamtajia.

Kadi nimeihamisha kwenye safu ya Imekwisha. Hiyo ya saluni sikuiandika.

Nguo zangu nimechukua. Kabla ya kuondoka nitapita kwa Mama Farzana nimsalimie, na nitakaa mpaka amalize yote, mvua na ng'ombe na baba. Ufunguo utaukuta kwake. Itabidi umwombe, na yeye huwa haanzi na ufunguo.

Viatu vyako nimevileta. Viko nje mlangoni, barua hii ndani yake, kamba nimekufungulia.

Kija